Kufungua Mirathi Mahakama ya Mwanzo na Kuifunga: Mwongozo Kamili kwa Msimamizi

Faili nyingi za mirathi hufunguliwa vizuri kisha zikalala. Msimamizi, yaani mtu aliyeteuliwa na mahakama kukusanya na kugawa mali ya marehemu, akishapata barua ya uteuzi yenye muhuri anakwenda benki, anatoa fedha, anauza kiwanja, na mahakamani harudi tena. Mwaka wa tatu mtoto mmojawapo anapeleka malalamiko, uteuzi unafutwa, na kila kilichouzwa kinaanza kuhojiwa.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila katika Mahakama ya Mwanzo. Zanzibar ina Mahakama za Kadhi na utaratibu wake. Huhitaji wakili kufuata hatua hizi. Shauri lote huendeshwa kwa Kiswahili. Kinachohitajika ni karatasi zilizokamilika na msimamizi anayeelewa kwamba amepewa kazi, hajapewa mali.

Vitu vya kukusanya kabla ya kwenda mahakamani

- Cheti cha kifo kutoka RITA, asili na nakala zisizopungua tano.
- Kitambulisho cha mwombaji: cha NIDA, cha mpiga kura au hati ya kusafiria.
- Muhtasari wa kikao cha familia, wenye majina na sahihi.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Mtaa, Kijiji au Kata alikoishi marehemu.
- Orodha ya warithi wote: majina matatu, umri, uhusiano na marehemu, mahali wanapoishi.
- Cheti cha ndoa cha mjane, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinavyopatikana.
- Nyaraka za mali: hati ya kiwanja au mkataba wa mauziano, kadi ya gari, namba za akaunti za benki, laini za simu zenye fedha, hisa, vyama vya kuweka na kukopa.
- Orodha ya madeni, aliyodaiwa marehemu na aliyokuwa akidai.
- Wosia wa asili, kama upo. Upelekwe siku ya kwanza. Wosia unaoibuka baada ya uteuzi huvuruga shauri zima.

Cheti cha kifo ndicho kinachochelewesha wengi. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Chukua taarifa ya kifo hospitalini, au kwa Mtendaji kama marehemu amefia nyumbani, uipeleke ofisi ya usajili ya wilaya. Kagua majina kabla hujaondoka dirishani. Cheti kikisema "Juma Salum" na hati ya kiwanja ikasema "Juma Salumu Ally", benki na Msajili wa Hati watakurudisha, nawe utahitaji hati ya kiapo kuthibitisha kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Hatua ya 1: Hakikisha uko kwenye mahakama sahihi

Kuna maswali mawili, na yote lazima yajibiwe vizuri.

La kwanza: marehemu alikuwa na makazi ya kudumu wapi alipofariki? Mahali alipofia, alipozikwa au zilipo mali zake si kipimo. Mtu aliyeishi Morogoro, akafia Muhimbili, akazikwa Moshi na kuacha shamba Kilosa, mirathi yake inafunguliwa Morogoro, kwenye Mahakama ya Mwanzo yenye mamlaka katika eneo alilokuwa akiishi.

La pili: sheria gani inatumika? Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya Kiislamu na ya kimila pekee. Thamani ya mali haiizuii. Hata nyumba ya mamilioni mengi inaweza kusikilizwa pale. Ila kama marehemu alikuwa Mkristo aliyeishi maisha ya Kikristo na kuacha mila, sheria inayotumika ni nyingine, na shauri linakwenda Mahakama ya Wilaya kwa mirathi ndogo au Mahakama Kuu.

Jina la ubatizo peke yake halimalizi swali. Mahakama huangalia mtindo wa maisha: alifunga ndoa ya namna gani, alishiriki matambiko ya ukoo, alioa wake wangapi, aliacha maneno gani kuhusu mali yake. Andaa majibu hayo mapema.

Onyo: mamlaka ya mahakama hayatokani na makubaliano ya familia. Mkikosea hapa, Mahakama Kuu inaweza kufuta shauri lote hata baada ya miaka, pamoja na mgawanyo uliokwisha kufanyika. Afadhali siku mbili za kuuliza kuliko miaka mitano ya rufaa.

Hatua ya 2: Fanyeni kikao cha familia, na kiandikeni sawasawa

Sheria haisemi kwamba bila kikao hakuna mirathi. Kwa vitendo, mahakimu karibu wote wataomba muhtasari, kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kuona kama familia inakubaliana. Kikao kinapendekeza msimamizi. Anayeteua ni mahakama.

Muhtasari mzuri una mambo haya:

1. Tarehe, mahali, na jina kamili la marehemu pamoja na tarehe ya kifo.
2. Waliohudhuria, uhusiano wao na marehemu, namba za simu na sahihi. Walio mbali waandikwe, na maoni yao yaambatanishwe kwa maandishi.
3. Warithi wote, mmoja mmoja.
4. Mali na madeni yanayojulikana hadi siku hiyo.
5. Jina la msimamizi anayependekezwa, na kama kuna aliyepinga, sababu yake iandikwe vilevile.

Kosa linaloharibu mirathi kuliko yote ni kuficha mrithi: mtoto wa nje ya ndoa, mke wa pili wa mkoa mwingine, binti "aliyeshaolewa". Andika wote. Kama mtu fulani ana haki ya fungu au hana, hilo ni swali la sheria inayotumika na litajibiwa mbele ya hakimu. Ukimficha, umempa sababu ya wazi ya kuomba uteuzi ufutwe, kwa kuwa umepata usimamizi kwa kuficha ukweli.

Pale marehemu alipoacha familia mbili za wake tofauti, pendekezeni wasimamizi wawili, mmoja kutoka kila upande. Kazi inakwenda polepole kidogo, lakini hesabu zinaaminika.

Mjane anaweza kuwa msimamizi. Tunalisisitiza hili kwa sababu vikao vingi humtoa nje ya chumba na kumteua shemeji. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 zinamnyima mjane fungu na kuwapunja mabinti, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba zinakiuka haki za wajane wawili wa Tanzania waliolalamika. Hata hivyo, swali la nani arithi na swali la nani asimamie ni mawili tofauti. Binti anayegombea ardhi ya ukoo aifahamu pia hukumu ya Mahakama Kuu Mwanza ya mwaka 1990, ambamo Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume anavyoweza.

Hatua ya 3: Jaza Fomu Namba 1

Hii ndiyo fomu ya maombi, nayo hupatikana kwa karani wa mahakama. Jaza kwa kalamu moja, bila kufuta-futa.

Sehemu za kuangalia kwa makini ni makazi ya marehemu (andika mtaa, kata na wilaya), dini au kabila na sheria inayotumika, majina ya warithi, na makadirio ya mali. Makadirio hayahitaji kuwa kamili senti kwa senti. Andika unachojua, mali itakayogunduliwa baadaye itaingia kwenye Fomu Namba 5, yaani orodha ya mali na madeni.

Usiandike mali isiyokuwa ya marehemu. Nyumba iliyojengwa na mume na mke kwa jasho lao wote wawili si ya marehemu yote. Sehemu ya mjane itokanayo na mchango wake itengwe kwanza, kisha kinachobaki ndicho kiingie kwenye mirathi. Msimamizi asiyefanya hivyo anagawa mali ya mtu aliye hai.

Ukishalipa ada, dai stakabadhi na uandike namba ya shauri. Bila namba hiyo hakuna ofisi itakayokusaidia kufuatilia.

Hatua ya 4: Tangazo na siku ya kusikilizwa

Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hubandikwa mahakamani na katika ofisi ya mtaa au kijiji. Mara nyingine mahakama huagiza litoke gazetini. Idadi ya siku imeandikwa kwenye tangazo lenyewe. Piga picha tangazo likiwa ubaoni, tarehe ionekane. Siku mtu atakapodai hakujua, picha hiyo itakusaidia.

Siku ya kusikilizwa nenda na mashahidi wawili wanaomfahamu marehemu na familia yake, angalau mmoja asiwe mrithi. Warithi watu wazima wahudhurie. Hakimu atauliza maswali mepesi: marehemu alikuwa nani, alikufa lini, aliacha nani, aliacha nini. Jibu kwa ufupi. Majibu yanayopishana na muhtasari ndiyo humtia hakimu shaka.

Pakitokea pingamizi, usigombane barazani. Linasikilizwa kama kesi ndogo ndani ya mirathi: mpingaji anatoa sababu na ushahidi, nawe unajibu. Pingamizi lenye nguvu huhusu sifa za mwombaji, kufichwa kwa mrithi au wosia, au mamlaka ya mahakama. "Simpendi" si sababu. Wala ugomvi wa nani apate chumba gani si wa hatua hii.

Hatua ya 5: Pokea barua ya usimamizi, uisome

Mahakama ikikuteua hutoa Fomu Namba 4, ambayo ndiyo barua ya usimamizi. Kagua majina, namba ya shauri, muhuri na sahihi. Omba nakala kadhaa zilizothibitishwa, maana kila ofisi itataka yake.

Andika tarehe ya uteuzi mahali utakapoiona kila siku. Kuanzia hapo una miezi 4 ya kurudisha Fomu Namba 5 (orodha ya mali na madeni) na Namba 6 (hesabu). Ukiteuliwa tarehe 10 Machi, mwisho ni tarehe 10 Julai. Ukiona muda hautoshi, omba nyongeza kwa barua kabla haujaisha na ueleze sababu: kesi ya ardhi haijaamuliwa, benki haijajibu, mnunuzi hajamaliza kulipa. Mahakama ina uwezo wa kuongeza muda, ila inataka kuombwa.

Asiyeridhika na uteuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Hatua ya 6: Kusanya mali bila kuchanganya na yako

Nunua daftari moja gumu. Kila shilingi inayoingia au kutoka iandikwe: tarehe, kiasi, kutoka kwa nani, kwa sababu gani, stakabadhi namba ngapi. Kodi ya wapangaji wa nyumba ya marehemu ni mali ya mirathi tangu siku alipofariki, wala si posho ya msimamizi.

Fedha za benki. Benki itataka barua ya usimamizi na maelekezo ya mahakama. Mara nyingi fedha hupitia kwanza akaunti ya mirathi ya Mahakama, kisha warithi hulipwa kwenye akaunti zao. Kwa hiyo kila mrithi afungue akaunti mapema, jina lifanane na kitambulisho. Kutoa fedha kwa kadi na namba ya siri ya marehemu, au kwenye simu yake, ni kosa hata kama ulizitumia kwa mazishi. Limeshafanyika? Liandike kwenye hesabu na uweke stakabadhi; kulificha kutakuletea tuhuma ya wizi.

Ardhi yenye hati. Peleka barua ya usimamizi kwa Msajili wa Hati ili jina lihame kutoka kwa marehemu kwenda kwako kama msimamizi wa mirathi ya fulani. Neno "msimamizi" lionekane. Kutoka hapo ndipo ardhi huhamishiwa kwa mrithi au mnunuzi. Warithi, fuatilieni hapa: ikiandikwa kwa jina la mtu binafsi bila maneno hayo, nyumba inaweza kuwekwa rehani au kuuzwa kana kwamba ni yake.

Shamba la kijiji. Peleka barua ofisi ya kijiji, upimaji wa mipaka ufanyike mbele ya majirani, na maandishi yabaki kwenye faili.

Mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Malipo ya wategemezi yana utaratibu wake na wanufaika wake. Uliza mfuko kwanza kabla ya kuyaandika kama mali ya kugawa.

Hatua ya 7: Lipa madeni, ndipo uandike Fomu Namba 5

Mpangilio ni huu: gharama za mazishi zinazokubalika na gharama za usimamizi, kisha madeni, kisha wosia kama upo, na mwisho warithi. Atakayegawa kabla ya kulipa wadai anaweza kulipa kutoka mfukoni mwake, kwa sababu msimamizi anawajibika kwa hasara anayoisababishia mirathi.

Kila mdai alete ushahidi. Deni la mdomo la shilingi milioni mbili linalotajwa na mjomba siku ya arobaini halilipwi mpaka lithibitike.

Fomu Namba 5 ni orodha ya mali na madeni. Andika kila kitu kwa namna ambayo mtu asiyeijua familia angeweza kukitafuta akakipata. "Kiwanja Mbezi" haitoshi. "Kiwanja kimoja, namba ya kitalu na kiwanja, eneo, chenye nyumba ya vyumba vinne, thamani Sh 38,000,000" inatosha. Vyombo vya ndani viandikwe kwa jumla, isipokuwa vya thamani kubwa.

Hatua ya 8: Gawanya, kisha jaza Fomu Namba 6

Anayegawa ni msimamizi. Wengi hukaa wakisubiri hakimu awagawie. Kazi ya mahakama ni kusimamia na kukagua, na kuamua penye mgogoro. Andaa mgawanyo, uite familia, uusome kwa sauti, kila mrithi asaini alichopokea.

Kwa mirathi ya Kiislamu, masheikh wanaweza kukokotoa mafungu, ila karatasi yao haichukui nafasi ya uteuzi wa mahakama. Tuchukue mfano. Mwanamume ameacha mke mmoja, mama yake, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Mali iliyokusanywa ni Sh 52,300,000. Mazishi yaligharimu Sh 1,200,000 na madeni yalikuwa Sh 3,100,000. Inabaki Sh 48,000,000.

- Mke, kwa kuwa kuna watoto, anapata 1/8: Sh 6,000,000.
- Mama anapata 1/6: Sh 8,000,000.
- Zinabaki Sh 34,000,000 kwa watoto, fungu la mwanamume sawa na la wanawake wawili. Yaani sehemu 4 za Sh 8,500,000: mtoto wa kiume Sh 17,000,000, kila binti Sh 8,500,000.

Jumlisha tena: 6 + 8 + 17 + 8.5 + 8.5 ni 48. Jumla isipolingana, usisaini. Wosia, kama ungekuwepo, usingezidi theluthi moja ya kilichobaki baada ya madeni, na usingempa mrithi nyongeza bila ridhaa ya warithi wenzake.

Penye nyumba moja na warithi wengi, njia ni tatu: iuzwe na fedha zigawanywe, mrithi mmoja awanunue wenzake, au ibaki yao wote kwa maandishi yanayotaja sehemu ya kila mmoja. Njia ya nne, "tuiache tu kwanza", ndiyo inayozaa kesi. Mkiuza, ithaminiwe na mtu asiyehusika, na warithi wasaini kukubali bei kabla mnunuzi hajalipa.

Fungu la mtoto mdogo lisikabidhiwe mjomba kwa ahadi. Liingie kwenye akaunti kwa jina la mtoto, au kwa mlezi anayetambuliwa na mahakama. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake, na mtoto huyo atakapofika miaka 18 ana haki ya kuuliza.

Fomu Namba 6 ni hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichogawanywa kwa nani. Ambatanisha stakabadhi, hati za malipo ya benki, mikataba ya mauzo na karatasi za kupokea zenye sahihi. Mrithi akikataa kusaini, usighushi. Andika kwamba amekataa, mbele ya mashahidi wawili, na hakimu atamwita.

Hatua ya 9: Omba mirathi ifungwe

Kupeleka fomu kwa karani hakufungi faili. Omba tarehe, warithi waitwe, hesabu zisomwe. Kama hakuna malalamiko, mahakama inatoa amri ya kufunga mirathi. Omba nakala ya amri hiyo iliyothibitishwa na uitunze pamoja na daftari lako.

Utajua kazi imekamilika kwa dalili hizi: kila mrithi ana alichopangiwa mkononi au kwa jina lake, ardhi imetoka kwenye jina la msimamizi, hakuna akaunti ya marehemu iliyobaki na salio, na faili lina amri ya kufunga.

Mirathi ikikwama

Msimamizi amepita miezi 4 na yuko kimya. Mrithi yeyote aandike barua kwa hakimu akitaja namba ya shauri, aombe msimamizi aitwe kutoa hesabu. Asipotii, omba uteuzi ufutwe na ateuliwe mwingine.

Msimamizi amefariki. Usimamizi haurithiwi na mtoto wake. Familia inarudi mahakama ileile kuomba mteule mpya katika faili lilelile.

Mali imeuzwa kwa siri. Kimbilia mahakamani siku hiyohiyo kuomba amri ya kuzuia, na upeleke zuio kwa Msajili wa Hati kama kiwanja kina hati. Kila siku inayopita inampa mnunuzi nafasi ya kujenga.

Huna fedha wala anayekusaidia kuandika. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo katika wilaya nyingi. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Huduma yao ni ya bure. Anayekudai asilimia ya mirathi ili akujazie fomu, muache.